Bati Kwenye Mlimao

Mwanza, wodi ya wanawake
4 Februari 2024

Baba Paschal,

Nimepasuliwa, nimeshonwa, na niko hai. Nimeanza na hilo ili usihangaike kulitafuta katikati ya barua na miwani yako yenye kioo kimoja. Uvimbe wa kooni umetolewa, sasa wananipiga mionzi. Sauti imeondoka pamoja na uvimbe. Daktari anasema huenda ikarudi na huenda isirudi, na kwamba nisijaribu hata kunong'ona.

Umeona mambo hayo? Miaka yote nimepiga kelele mpaka majirani wakadhani tunagombana, kumbe nakuita tu uje ule. Sasa bwana hasikii na bibi hasemi. Ndoa imekamilika.

Ile simu ya tochi uliyoitumbukiza kwenye pipa la maji iache ife. Hata ikifufuka, mimi nitasema nini na wewe utasikia nini? Meseji huzisomi, eti herufi ni kama chawa. Barua zangu nampa kondakta wa basi la Bariadi, anaziacha dukani kwa Tajudin pale stendi, na Tajudin atampa yeyote anayekuja Kasoli. Zako zipite huko huko.

Sasa nikuulize lililonifanya nishike kalamu. Nyanjige anaendeleaje? Najua humpendi. Tangu siku nilipomwokota kwenye uzio wa minyaa uliong'olewa na greda, nikaja naye ndani ya khanga, hujamwita kwa jina hata mara moja. Unasema "yule kinyonga wako" na macho unaelekeza pengine. Jina hilo la nzige nilimpa kwa sababu siku ya kwanza tu alikula nzige mpaka nikamhurumia nzige. Mwache akae kwenye mlimao wake pale uani. Kumbuka hanywi kwenye bakuli, anaramba matone kwenye majani. Toboa chupa kwa sindano, itundike kwenye tawi, maji yadondoke polepole. Na chakula kiwe hai. Usimtupie kwa fimbo ndefu kama unayemlisha simba.

Ng'ombe wana wewe, pamba ina mvua. Yule hana mtu ila mimi, na mimi sipo. Nataka nikirudi nimkute hai. Kwa sasa sina ombi jingine.

Hapa saa kumi jioni ni saa ya kuona wagonjwa. Wifi yangu Kwandu amesharudi huko kwa sababu ya palizi, simlaumu. Saa kumi ikifika nageukia ukutani, najifanya nimelala.

Mkeo,
Apolonia


Kasoli
10 Februari 2024

Mama Paschal, mwangaluka.

Barua nimeisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaisoma tena nimekaa. Ahsante kwa kubaki hai. Sijui niandike nini zaidi ya hapo, wewe ndiye mwenye maneno.

Mguu unaunga. Kwa fimbo nafika zizini na kurudi, lakini basi la Mwanza mpaka leo sijaweza kulipanda, ngazi yake iko juu. Lile dume lililonikanyaga bado linanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyelikosea. Paschal alipiga simu kwa Tajudin kutoka Tunduma, lori lake limekwama mpakani. Anakusalimu.

Habari ya kinyonga wako si nzuri. Hali chakula. Macho yameingia ndani, rangi imekuwa ya majivu, na anakaa kwenye tawi moja asubuhi mpaka jioni. Halafu kuna jambo ambalo sielewi. Mnyama asiyekula anakonda, hata ng'ombe tunajua hivyo. Huyu hali na tumbo linakua, limejaa pande zote mbili. Chakula nilimtafutia kizuri, usiseme sikujali. Nilimkamatia panzi kwenye pamba yetu ya bondeni, ile tuliyopuliza dawa wiki iliyopita. Panzi wenyewe wamelegea, hata mtu wa mguu mmoja anawaokota. Alikula wawili, wa tatu akamtema.

Kwandu alipita jana. Hakuingia uani, alisimama barabarani akaniambia nimtupe: nyumba yenye mgonjwa haifugi kinyonga mgonjwa. Nikajifanya sijasikia. Uziwi una faida zake.

Jana nilisonga ugali nikaukata katikati, nikasukuma nusu upande wako. Nimefanya hivyo kila siku tangu uondoke, na kila siku anakula mbwa. Masikio yangu ni mabovu, lakini ukimya wa nyumba hii nausikia. Nikitoka nje, kinyonga ananielekezea jicho moja, na jingine linatazama njia. Nadhani anakungoja. Basi tuko wawili.

Mumeo,
Marcelo Ngassa


Mwanza
15 Februari 2024

Marcelo!

Panzi wa kwenye dawa! Unafikiri walilegea kwa ajili ya nini, usingizi? Umelima pamba maisha yako yote, kuku akiingia shamba lililopulizwa unamfukuza mpaka kwa jirani, halafu unamchumia Nyanjige sumu kwa mkono wako. Ningekuwa na sauti ungeisikia bila barua.

Basi, nimemaliza kugomba. Najua uliwaokota ukiwa umeinama kwa mguu huo, na najua ulivyokuwa unamwogopa. Nimecheka, halafu nikalia kidogo, kisha nikamwonyesha barua yako Muzdalifa.

Muzdalifa ni binti wa Nyalikungu, kule Maswa, anafundisha chekechea, amelazwa kitanda cha pili. Alikuwa na goita, nayo imetolewa. Anasema kwa mkwaruzo tu, lakini anasema. Ana simu kubwa. Tumekaa vichwa pamoja, yeye anatafuta, mimi naandika. Fanya hivi. Panzi wa shambani basi kabisa. Tafuta wa kule malishoni, mbali na pamba ya mtu yeyote. Maji yadondoke asubuhi na jioni mpaka macho yatoke tena. Asipigwe na jua la mchana.

La tumbo ndilo lililotushtua. Muzdalifa anasema huenda ana mayai. Eti jike la kinyonga hubeba mayai hata kama hajaonana na dume, kama kuku. Lazima umshike ujue. Ndiyo, wewe. Usimvute kwenye tawi, ataumia kucha. Weka mkono wako mbele yake, apande mwenyewe. Halafu pitisha kidole tumboni polepole. Ukikuta vitu vidogo kama maharage, ni mayai. Pale pa nini kifanyike baadaye ndipo kifurushi cha Muzdalifa kilipoisha. Akipata kingine tutasoma kilichobaki, nikuandikie.

Usiogope. Nilikuona ulivyomshika yule ndama aliyezaliwa kabla ya siku zake, ukampuliza puani mpaka akapumua. Tumia mkono ule ule.

Mimi naendelea vizuri sana. Mionzi inakwenda sawa, chakula kinapita. Usinifikirie.

Apolonia


Kasoli
22 Februari 2024

Mama Paschal, mwadila. Naandika jioni.

Nimemshika.

Niliweka mkono kama ulivyosema, nikaangalia pembeni. Alifikiri muda mrefu. Alinyanyua mguu mmoja, akautingisha hewani, akaurudisha, akaunyanyua tena. Nikasema huyu akimaliza kupanda wewe utakuwa umeshapona na kurudi. Mwishowe akapanda. Miguu yake ni ya baridi na inakamata kweli kweli. Nilitarajia kitu kibaya kitokee. Hakikutokea.

Maharage yapo. Mengi. Nilipopitisha kidole alifumba macho yote mawili, nikaacha.

Dawa ya panzi naona imemtoka. Maji anakunywa, macho yametoka kidogo. Panzi nawatafuta kule kwenye malisho karibu na josho, watu wananiona mzee mzima nakimbizana na panzi kwa fimbo. Wacha waone. Sasa hivi ametulia, anakaa juu tu, hana tatizo.

Nimefurahi kusikia mionzi inakwenda sawa. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi kuliko nyingine.

Marcelo


Kasoli
22 Februari 2024

Bwana Tajudin,

Asalaam aleykum. Ile bahasha iliyofungwa ni ya Mwanza. Hii karatasi ni yako.

Nitumie bati moja jembamba na waya wa kufungia. Nataka kulizungushia shina la mlimao wangu. Najua utauliza, kwa hiyo nakwambia, lakini mke wangu asijue.

Yule kinyonga wake ameanza kushuka. Kila siku jua likipoa anashuka chini, anakuja mpaka chini ya dirisha la chumba chetu, anachimba. Anachimba kwa miguu ya mbele, anasogea, anachimba tena. Namrudisha juu, kesho anashuka. Mwaka ambao baba yangu alikufa, kinyonga alishuka hivyo hivyo akachimba uani petu. Baba alikuwa mzima, anatoka shamba. Mama yangu akasema yule anapima kaburi la mwenye nyumba. Wiki haikuisha tukamzika baba.

Mimi siyo mtu wa mambo hayo. Nasali. Lakini mke wangu yuko juu ya kitanda huko Mwanza na huyu anachimba chini ya kitanda chetu hapa. Sitamwua, kwa sababu Apolonia aliomba amkute hai. Nitamziba tu asishuke.

Marcelo


Bariadi, stendi
29 Februari 2024

Mama Paschal, shikamoo.

Mimi ni Tajudin wa dukani. Barua zenu zote zimepita mikononi mwangu na sijafungua hata moja. Mtu na mkewe hawaingiliwi. Ila leo nimeona niweke na yangu kwenye bahasha ya kondakta.

Mama, nimeambiwa kitu na nimeambiwa nisikiseme. Mimi mtoto wa Kondoa, nikipewa amana naitunza. Kwa hiyo sisemi. Nakuuliza tu swali la kawaida, kama mtu anayependa kujua mambo: kinyonga jike anayeshuka mtini kila jioni na kuchimba ardhi, huwa anatafuta nini?

Na swali la pili, akizibwa kwa bati asiweze kushuka, inakuwaje?

Nauliza kwa sababu juzi nilipeleka mzigo Kasoli nikapita kumsalimu mzee. Amekonda. Tulikaa uani naye akanipa maziwa. Mnyama wako yuko kwenye shina, anashuka mpaka ukingo wa bati, anateleza, anapanda, anashuka tena. Amekuwa mweusi. Mzee alikuwa amempa mgongo, amekaa anatazama dirisha la chumba chenu. Nilipotaka kuondoka akanishika mkono akaniambia, "Tajudin, mwanangu, mtu akiwa na mke mmoja tu duniani anafanyaje?"

Mimi sijasema kitu.

Tajudin


Mwanza
3 Machi 2024

Marcelo wangu,

Toa hilo bati. Ukifika hapa weka barua chini, nenda kalitoe, halafu urudi umalizie kusoma.

Umelitoa?

Muzdalifa ameweka kifurushi na tumesoma mpaka mwisho. Jike mwenye mayai hayaachi kwenye mti. Muda wake ukifika anaacha kula, anahangaika, anashuka kutafuta udongo laini wenye unyevu, anachimba shimo, anayaweka, anafukia. Asipopata pa kuchimba mayai yanamkwama tumboni na yanamwua. Nyanjige anakufa juu ya mlimao, Marcelo, kwa sababu wewe unataka mimi nisife.

Sikasiriki. Nimeelewa palepale nilipoambiwa kuna bati. Hakuna aliyenieleza sababu na hakukuwa na haja, maana mwaka ule wa baba mkwe nilikuwa bi harusi mpya kwenu. Baba yako aliingiwa na jembe lenye kutu mguuni kabla yule kinyonga hajaonekana uani. Alifunga jeraha kwa kitambaa akaendelea kulima kwa sababu alikuwa mbishi kama mwanawe. Taya lilipokaza kwa pepopunda ndipo watu wakamkumbuka kinyonga. Mjomba wako akampiga kwa mchi. Mimi ndiye niliyetumwa kumzoa kwa koleo. Tumbo lilikuwa limepasuka, na ndani ni mayai meupe, mengi. Bi harusi hana mdomo, nikazoa nikatupa. Ila siku greda ilipopita kwenye minyaa na nikamwona huyu ananing'inia, niliyakumbuka yale mayai.

Sasa na mimi nina bati langu la kutoa.

Nilikwambia mionzi inakwenda sawa. Ilisimamishwa kabla hata sijajibu barua yako ya kwanza. Uvimbe umerudi na safari hii umeshuka chini. Daktari aliketi kitandani kwangu, na daktari akiketi ujue. Chakula hakipiti, natumia mrija. Wanasema nirudi nyumbani nikapumzike, na ni neno zuri wamechagua. Nilikuwa nakuandikia uongo kwa sababu nilikuwa naogopa uso wako. Nilikuona akilini unasoma barua pale mlangoni na nikashindwa.

Kwa hiyo usimlaumu Nyanjige. Hakuna anayenipimia kaburi. Ugonjwa wangu ulikuja kabla hajaanza kushuka, kama jembe la baba mkwe. Wewe na mimi tumebaki na muda wa kukaa pamoja, sijui ni mwingi au ni mchache, na sitaki tuutumie kuogopa mnyama mwenye miguu kama nyuzi.

Mwache achimbe. Chini ya dirisha letu, popote atakapo. Mlainishie udongo kama anashindwa.

Nakuja. Muzdalifa anaruhusiwa wiki ijayo, na mama yake amekubali tupande basi moja mpaka Bariadi.

Nimechoka kukuandikia. Nataka nikutazame.

Apolonia


Kasoli
8 Machi 2024

Mama Paschal,

Tajudin alileta barua yako mwenyewe kwa bodaboda, amefunga duka mchana. Hakushuka hata kwenye pikipiki. Alininyooshea akasema kitu ambacho sikukisikia.

Nilifanya kama ulivyosema. Nilisoma mstari wa kwanza, nikatoa bati, nikarudi nikasoma mengine. Halafu nikakaa chini ya mlimao. Sitaandika nilivyokaa.

Uongo wako nimekusamehe. Na wangu unisamehe.

Bati lilipotoka, kinyonga hakushuka. Alikuwa hana nguvu tena. Nikamchukua kwa mkono nikamweka chini ya dirisha, pale pale alipokuwa anakwaruza. Akakwaruza mara mbili akaacha, amelala kwa tumbo. Uwanja wetu unaujua, umekanyagwa na ng'ombe miaka yote, hata jembe linalia. Ndipo nikaelewa alikuwa anahama hama kwa nini. Alikuwa anatafuta mahali ardhi ikubali.

Nikachukua ndoo nikaenda mtoni kuleta luseni, ule mchanga laini. Nilikwenda na mguu huo huo, nikarudi, nikaenda tena. Nilivunja ardhi kwa mtaimbo pale chini ya dirisha, nikachanganya na mchanga, nikanyunyiza maji. Nikamweka tena. Akatulia tu ananitazama na jicho moja.

Basi nikachimba mwenyewe. Nilipiga magoti, mguu mbovu nimeunyoosha pembeni, nikachimba kwa vidole mpaka mkono ukaingia hadi kiwikoni. Nilichimba shimo chini ya dirisha letu, Mama Paschal, huku najua unakuja na najua unakuja kwa nini. Nilisali Salamu Maria, nikakosea maneno katikati, nikaanza upya. Kwandu alikuwa barabarani ameshika kichwa. Safari hii alipiga kelele nikamsikia.

Nyanjige aliingia. Kichwa kwanza, akachimba kidogo cha kwake ndani, akageuka. Nikafunika dirisha kwa khanga yako asipigwe na mwanga wa taa ya ndani, nikakaa pale. Kesho yake mchana alitoka mwenyewe, ana udongo mpaka kwenye macho, tumbo limeanguka, ngozi imebaki inaning'inia. Akageuka akaanza kufukia. Alikuwa anatetemeka na bado anafukia, anapiga udongo kwa miguu ya nyuma. Nilitaka kumsaidia, nikaona hapana, hiyo ni kazi yake.

Nimempelekea chupa mdomoni. Alikunywa matone mengi. Yuko kwenye mlimao sasa na rangi ya kijani inarudi upande mmoja.

Nilipochimba niliogopa, na sasa hivi naandika bado naogopa. Siogopi kinyonga. Njoo tu. Tajudin atanichukua, nitakuwa stendi kabla basi halijafika. Ukishuka usijaribu kusema neno. Nitakuona.

Marcelo


Bariadi, stendi
16 Februari 2025

Binti yangu Muzdalifa,

Huenda umenisahau. Mimi ni yule mzee mwenye fimbo aliyekupokea wewe na mama yako stendi ya Bariadi mwaka jana, mlipomshusha mke wangu kwenye basi mkiwa mmemshika huku na huku. Anwani yako ya Nyalikungu aliniandikia yeye nyuma ya kadi ya kliniki, akasema siku moja nitaihitaji.

Apolonia alifariki mwezi wa sita, pamba ikivunwa. Samahani hukupata habari mapema, sikuwa na mkono wa kuandika. Tulikaa vizuri miezi ile. Alikuwa anawekewa kiti chini ya mlimao, na mimi pembeni yake, hakuna anayesema na hakuna anayesikia, jua linakwenda zake. Pasaka alitaka Nyanjige arudishwe kwenye minyaa iliyobaki. Nilimbeba mimi, Apolonia akanionyesha kwa kidole tawi la kumweka. Aliondoka taratibu kama kawaida yao, tukamtazama mpaka tukashindwa kumtofautisha na majani.

Apolonia tulimzika pale pale nyumbani, upande wa dirisha, hatua chache kutoka kwenye yale mayai. Siku ya matanga dada yangu Kwandu akaniambia, "Sikukwambia?" Sikuwa na hasira naye, alikuwa analia. Nilimwambia, kinyonga yule angekuwa amepima kaburi asingeweka watoto ndani yake.

Lile bati nililokuwa nimemzibia nililikunja nikalizungushia pale chini ya dirisha, kuku wasifukue. Nimengoja. Kiangazi chote nilikuwa nanyunyizia maji kidogo, watu wanadhani nimepanda kitu. Mvua za vuli zikaja, hakuna. Krismasi ikapita, hakuna. Paschal alikuja akaniambia, baba, hayo yameshaoza. Nikamwambia hata mama yako alisubiri mpaka mvua ikolee ndipo akakuzaa wewe.

Jana asubuhi, baada ya mvua ya usiku, nikakuta udongo umetoboka. Wametoka, Muzdalifa. Wengine walikuwa wameshapanda juu ya bati, wengine bado wanajivuta, kila mmoja hazidi njiti ya kiberiti na mkia wake wote. Wana macho yale yale. Kumbe Nyanjige alikuwa na mume pale minyaani na sisi hatukumjua. Niliweka mkono chini, mmoja akanyanyua mguu, akautingisha, akafikiri, akapanda.

Nikainuka nikaita, "Mama Paschal! Mama Paschal, njoo uone!" Niliita kwa nguvu, unajua sisi viziwi hatujui sauti zetu. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, mkono umenyooka mbele na yule mtoto juu yake, ndipo nikakumbuka. Nikasimama hapo. Halafu nikazunguka nyumba nikaenda nikamwonyesha kule aliko.

Tajudin ana tabia moja tangu mke wangu alipofariki. Nikipita stendi ananiuliza kama kawaida, "Mzee, kuna barua ya kupeleka?" Hajasahau, anajua vizuri. Sikumwuliza kwa nini anauliza. Nimekuwa nikimjibu hapana, halafu narudi nyumbani nasonga ugali. Leo asubuhi nimemwambia ipo, angoje niiandike. Amenipa kiti na kalamu, na anajifanya anapanga misumari ili asinitazame.

Wewe ulisoma naye zile habari kwenye simu, kwa hiyo ni wako pia hawa watoto. Ukipata nafasi uje uwaone kabla hawajapotelea kwenye minyaa. Kama huwezi, nieleze watoto wako wa chekechea wanaendeleaje, na kama sauti yako imerudi yote au bado inakwaruza. Hata mistari miwili inatosha. Simu usipige, sitasikia. Niandikie.

Mzee wako,
Marcelo Ngassa